Kitanda cha Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya. Bosi kaniita hata koti sijavua. Hospitali inajenga wodi mpya ya wazazi na michoro inatakiwa haraka. Kanisukumia faili mezani kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Kasema wewe ndiye mtaalamu wa hisia, nenda kahisi.

Ofisini wananiita Profesa wa Mito. Ni kwa sababu ya ile maktaba, nilipong'ang'ania viti vyenye mito chini ya madirisha. Walicheka. Lakini viti vile havijawahi kukaa wazi hata siku moja.

Orodha ya mahitaji imepigwa chapa vizuri. Vitanda thelathini na viwili, vyumba sita vya kujifungulia, vyoo, stoo nne (nne!), chumba cha wauguzi. Chini kabisa mtu kaongeza kwa kalamu: "Na chumba kimoja cha mama asiyetoka na mtoto."

Bosi kauliza maana yake nini. Nimesema nitaulizia.

Sikuwa na haja ya kuulizia.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda wodini. Utaratibu wangu ule ule — kabla ya kuchora, nakaa. Saa nzima, bila kupima chochote. Nasikiliza, nanusa, natazama mwanga unavyotembea.

Niliyoyapata: Vichanga hawalii mmoja mmoja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Taa za dari zinamchoma macho aliyelala. Aliyezipanga alikuwa amesimama. Dawa ya sakafu inakwaruza koo. Toroli la chakula lina gurudumu moja bovu na linasikika toka mwanzo wa korido, kwa hiyo kila mtu anajua saa bila kutazama saa.

Sista mkuu ndiye aliyeandika ule mstari. Mama wa makamo, amekuwa mkunga hapa miaka ishirini na sita. Viatu vyake vya mpira havitoi sauti; unashtukia tu yuko mgongoni kwako. Kanionyesha kitanda namba kumi na saba, kando ya mlango, chenye pazia. Mama aliyefiwa na mtoto wanamlaza hapo, maana kona hiyo ina afadhali kidogo. Lakini kila aingiaye na kila atokaye anapita hapo. Juzi shangazi wa mtu alifungua pazia kimakosa, akampa mama wa watu hongera.

Nimepima. Kitanda hadi mlango, mita moja na sentimita ishirini. Pazia halifiki chini.

Nilishawahi kufika wodi hii. Miaka tisa iliyopita. Kuta zilikuwa za kijani, sasa ni rangi ya maziwa. Kitanda kiko pale pale.

Alhamisi, 6 Machi

Sista kanitafutia mama wa kuzungumza naye. Fundi cherehani, mwaka jana alilala kumi na saba. Alikuja na kazi yake mkononi, akawa anashona vifungo huku anaongea. Nadhani ilimsaidia kutonitazama.

Nilidhani atataja vilio vya watoto. Hakutaja. Alisema vilio alivizoea siku ya kwanza. Kilichomshinda ni maziwa. Siku ya tatu yalikuja yenyewe, gauni likalowa, na bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa wodi, kwa hiyo ilibidi apite katikati ya wenzake wote wanaonyonyesha. Halafu siku ya kutoka. Mlango ni mmoja. Mlinzi akamsimamisha getini na kumwomba kadi ya mtoto.

Nimeandika: sinki ndani ya chumba, maji ya moto. Mlango wa pili wa kutokea.

Alipokata uzi wa mwisho akaniuliza, na wewe je, una watoto? Nikasema mmoja. Akasema Mungu amkuze. Nikasema amina.

Mmoja. Nimekuwa nikijibu hivyo miaka saba, tangu binti azaliwe. Kabla ya hapo nilikuwa nikijibu bado.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Mke wangu kauliza siku hizi nachora nini. Nikasema hospitali. Hospitali gani? Nikaitaja. Alikuwa anakata vitunguu, akaendelea kukata vitunguu. Binti alizaliwa hospitali nyingine kabisa, mwendo wa saa mbili. Wakati ule mke wangu alisema ni kwa sababu ya foleni, nami nikakubali. Foleni!

Baadaye akaniita kula. Baba watoto, chakula tayari. Ananiita hivyo kila siku. Leo ndiyo nimesikia kwamba ni watoto, si mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Mchoro wa kwanza umekamilika. Chumba kiko mwisho wa korido. Ukuta wa tofali mbili, sauti haipiti. Dirisha juu, watu wasichungulie. Kitanda, sinki lenye kioo, kiti. Mlango mkabala na kitanda ili muuguzi amwone mgonjwa bila kuingia.

Mchoraji mwenzangu, tunayemwita Rula kwa urefu na unyoofu wake, kautazama, kainamisha kichwa huku na huku, akauliza mahabusu huyu kashtakiwa kwa kosa gani.

Nimekasirika. Nimerudi kwenye meza yangu. Nimetazama. Ni mahabusu.

Jumatano, 12 Machi

Kikao hospitalini. Upande wao Sista na ofisa utawala, ndiye mwenye stoo nne. Rula keshambatiza Bwana Stoo. Si mtu mbaya. Ana mashuka mia nne na hana pa kuyaweka, na analisema hilo kama mtu aliyekesha nalo.

Anakitaka kile chumba. Alisema chumba kizima kwa mgonjwa mmoja, pengine wawili kwa wiki, ni anasa, ilhali mashuka yapo kila siku. Sista akafungua daftari lake. Mwaka jana walikuwa sitini na mmoja. Ana tarehe zao zote.

"Marehemu hahitaji chumba, Sista," Bwana Stoo alisema, taratibu, bila ukali.

"Sisemi habari ya marehemu. Nasema habari ya mama yake." Sista akafunga daftari. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Bosi wangu alikuwa akichunguza dari. Mimi nilikuwa nachora viboksi pembeni ya karatasi. Nikajikuta nasema tujenge chumba cha mfano. Vipimo halisi, plaiwudi na vitambaa, kwenye chumba cha zamani cha kufulia kilicho nyuma ya wodi. Wakilale, waamue.

Wamekubali. Tarehe 26. Sijui kauli ile ilitoka wapi. Si kawaida yangu kusema vikaoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi saa kumi na moja. Mchoro wangu ulikuwa umetandazwa kwenye meza ya chakula, vikombe kila pembe. Binti alitaka karatasi kubwa ya kuchorea, mama yake akafungua bomba langu la michoro akidhani mna karatasi tupu.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa amekaa mbele ya mchoro na kalamu nyekundu. Alikuwa ameshausahihisha.

Alama tatu. Ya kwanza kwenye kioo cha sinki. Akasema kiondoke, nani anataka kujiona siku ile. Ya pili kwenye kiti. Cha nani? Nikasema cha muuguzi, anapokuja kuandika. Akasogeza kidole.

Ya tatu ilikuwa alama kubwa nyekundu ya mkasi juu ya mlango.

"Mlango umeuweka mbele ya kitanda."

Nikaeleza. Usimamizi wa wagonjwa, mstari wa macho, usalama. Nilieleza kwa kirefu. Alinisubiri nimalize kama anavyowasubiri wanafunzi wake.

"Aliyelala pale anautazama huo mlango mchana kutwa," akasema. "Kila ukifunguliwa anadhani walikosea. Anadhani wanamrudisha."

Miaka tisa. Ni mara ya kwanza kulisema, na amelisema akiwa na kalamu ya kusahihishia mkononi.

Nitaandika mara moja, kwa kuwa sijawahi kuandika mahali popote. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alitolewa kwa upasuaji, akiwa ameshafariki. Mke wangu alikuwa bado kwenye nusukaputi. Mimi na kaka yangu tulimzika jioni ile ile. Kisha nikarudi wodini.

Akauliza tena habari ya kiti. Mume atakaa wapi?

Sikuwa nimemchora mume.

"Au atasimama mlangoni," akasema.

Nikasema walinikataza kuingia. Akauliza nani. Nikafungua mdomo. Sura sikumbuki, sare sikumbuki, sauti sikumbuki — mimi ninayekumbuka hata rangi ya kuta.

Binti akaingia kuuliza kama karatasi imepatikana. Tukamtafutia karatasi, sote wawili, kwa bidii kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Sokoni. Nyanya, sabuni, betri za saa ya ukutani. Binti kachora nyumba yenye milango saba. Nimeuliza ya nini yote hiyo. Kasema ili mtu asikwame.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa Sista na kisingizio cha kupima chumba cha kufulia. Nikauliza kana kwamba ni jambo la michoro tu: zamani, akina baba walikuwa wakikatazwa kuingia wodini?

Kwa uzazi wa kawaida, ndiyo. Kwa wafiwa, hapana, hata siku moja. Hao walikuwa wakiwaita wenyewe. Wengi hawaingii, akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wanasimama pale mlangoni wanatazama viatu vyao.

Basi hakuna aliyenikataza.

Viatu. Hicho nakikumbuka. Vilikuwa na udongo wa kaburini, mwekundu, umeganda pembeni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu. Nilifikiri nitaichafua. Nilisimama nikifikiria sakafu ya watu, dakika ishirini, labda zaidi, kisha nikaondoka.

Hiyo ndiyo sababu. Nyingine sina.

Jumanne, 18 Machi

Nimechora upya toka mwanzo. Kitanda kimegeuzwa, kinatazama dirisha. Dirisha limeshushwa hadi sentimita hamsini toka sakafuni, ili aliyelala aone miti ya nyuma na si mbingu peke yake. Sinki pembeni ya kitanda, hakuna kioo. Mlango wa pili unatokea uani, njia yake hadi barabarani, mlinzi hana la kuuliza.

Mlango wa kuingilia umenichukua siku nzima. Sasa unaingia kupitia ujia mfupi wenye kona. Ukisimama mlangoni huoni kitu, na huonekani. Kumwona aliyelala ni lazima upite kona, na ukishapita kona umeshaingia. Hakuna pa kusimama katikati.

Kando ya kitanda, kiti kipana, mtu mzima anaweza kulala.

Rula katazama. Hakufanya mzaha. Kasema sasa ni chumba.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia mke wangu. Nilingoja binti aende kucheza kwa jirani, nikapiga moyo konde. Nikasema niliuliza. Hakuna aliyenikataza. Nikataja na viatu.

"Najua," akasema.

Alijuaje?

"Nilimsikia Sista akikuita. Alikuita mara mbili."

Akavuta rundo la madaftari akaanza kusahihisha. Nimekaa pale mpaka alipofika daftari la nane. Hakunifukuza.

Jumamosi, 22 Machi

Gesi imeisha, gesi imeletwa. Viatu vya shule vya binti vimenunuliwa, namba moja zaidi, maana anakua. Tumezungumza habari ya gesi na viatu.

Jumatano, 26 Machi

Chumba cha mfano tayari. Seremala kafanya kazi safi kwa siku nne. Plaiwudi, vitambaa vya pamba ukutani vya kumeza sauti, kitanda halisi toka stoo. Ukuta mmoja tunashirikiana na wodi, kwa hiyo sauti zake ni za kweli.

Sista hakumruhusu Bwana Stoo aingie huko moja kwa moja. Kampeleka kwanza kitanda cha kumi na saba, kilikuwa wazi leo. Dakika kumi, baba, kalale kidogo tu. Bwana Stoo akalala na suti yake, miguu ikining'inia nje. Pazia likafungwa. Toroli likapita. Vichanga wakaanza, mmoja, kisha wote. Wageni wa kitanda cha pili wakapita na vikapu na vicheko. Bibi mmoja akachungulia, akaona mwanamume mwenye tai amelala wodi ya wazazi. Akasema pole sana baba, akarudisha pazia kwa heshima.

Rula ilibidi atoke nje.

Kisha chumba chetu. Bwana Stoo kalala akitazama dirishani. Tulimwachia dakika kumi, akakaa kumi na saba, nilihesabu. Alipotoka alikuwa akifuta miwani. Akauliza mashuka yataenda wapi. Rula, ambaye alikuwa amesharudi na uso wake wa kazi, akamwonyesha makabati marefu tuliyoyapanga ukutani mwa korido. Mashuka mia nne na hamsini.

Bwana Stoo akasema, mia nne na hamsini? Akasema ataandika.

Kisha getini, peke yetu, kaniambia dada yake alilala pale. Mwaka ambao hakuutaja. Kaingia garini.

Ijumaa, 28 Machi

Barua imefika. Chumba kimekubaliwa. Kipungue sentimita thelathini upande wa korido kwa ajili ya makabati. Nimepunguza. Kona haikuguswa. Bosi kanipiga bega, kasema Profesa wa Mito kapita mtihani, na mezani kwangu kaniwekea faili la soko la samaki.

Nimemwambia mke wangu wakati wa kuanua nguo. Akakunja shuka, nami nikashika upande wa pili, tukakutana katikati kama linavyokunjwa. Akauliza kile chumba cha mbao bado kipo.

Kinabomolewa Jumatatu.

"Basi kesho nipeleke."

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa hapa hapa, kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Binti tumemwacha kwa bibi yake. Njiani mke wangu alinionyesha taa ya kijani nilipochelewa kuondoa gari.

Sista alitupokea. Kamshika mke wangu mikono yote miwili, akamtazama sana. Sidhani kama alimkumbuka. Labda alimkumbuka. Kisha katuacha.

Mke wangu alisema ataingia peke yake. Kapita kona. Nimesikia kitanda kikilia, basi amekaa. Au amelala.

Dakika kumi na mbili sasa. Wodini wameanza kulia, mmoja, wengine wanaitikia. Kwa ndani inasikika kama mvua ya mbali. Tofali mbili zitaipunguza zaidi. Nilitaka kumwambia hilo.

Kaita. Si baba watoto. Kaita jina langu lenyewe, ambalo huko kwetu hulitumia tu kwenye fomu za benki. Plaiwudi ni nyembamba, hatukuhitaji kupaza sauti.

Kauliza: "Ulimwona?"

Nimesema ndiyo. Nilimwona. Walinipa nimshike kabla hatujaondoka, mimi na kaka.

Nilidhani yamekwisha. Kauliza alikuwa na nywele. Nimesema nyingi, zimelala upande mmoja. Kauliza alikuwa na rangi ya nani. Nimesema yako. Masikio je? Ya baba yako, nimesema, makubwa. Nimesikia akitoa pumzi puani, kama mtu anayecheka, au kama mtu asiyecheka.

Miaka tisa hakuuliza. Nami nilidhani hataki kujua.

Nimemwambia na lingine, sijui kwa nini. Nilimpima. Si kwa tepu, kwa macho, ni mazoea ya kazi, siwezi kuyazuia. Naukumbuka urefu wake hadi leo.

Toroli limepita upande wa pili wa ukuta.

Sasa amesema: "Usinitajie namba. Ingia unionyeshe kwa mikono."

Nimesema nakuja. Namalizia mstari huu tu. Ameniuliza unafanya nini huko nje, na mimi —